Tofu ya Sichuan: Ukali Unaokaa Ndani ya Mafuta

Ukali wa pilipili hauyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Anayelijua hilo ameshaijua nusu ya mapishi ya Sichuan, na ataelewa upesi kwa nini tofu ya kukaangiza na mboga, chakula cha kila siku cha nyumba za jimbo lile, huwashinda wengi wanaokijaribu mbali na huko. Hutia tofu yenye maji kwenye karai, wakafuatisha mboga zenye maji, wakamimina soya sosi, kisha wakanyunyiza pilipili ya unga juu. Kinachopakuliwa ni mchuzi wa kahawia unaochoma ncha ya ulimi, na ndani yake vipande vyeupe vya tofu ambavyo havikuingiwa na chochote. Mlaji husukuma sahani pembeni na kusema tofu haina ladha.

Chakula hiki nakipika nyumbani kwangu na nakipenda kwa dhati, ndiyo maana huniuma kukisikia kikisingiziwa. Tofu haina kosa hapo. Kosa ni maji yaliyoachwa mahali ambapo yalipaswa kutolewa, na mafuta yaliyonyimwa kazi yake.

Sichuan iko kusini-magharibi mwa China. Makao makuu ya jimbo, Chengdu, yamekaa kwenye bonde pana lililozungukwa na milima, na milima hiyo hufungia mawingu ndani. Siku nyingi za mwaka anga ni la kijivu, hewa ina unyevu, nguo zilizoanikwa hazikauki vizuri. Wachina wana msemo wa zamani kwamba mbwa wa Sichuan hulibwekea jua kwa kutolizoea. Tiba ya asili ya Kichina huuhesabu unyevu kuwa chanzo cha maradhi, na mwenyeji ukimuuliza kwa nini anakula pilipili kiasi kile, aghalabu atakujibu kwamba inautoa unyevu mwilini.

Na bado pilipili ni mgeni kule, sawa na ilivyo mgeni kwetu. Asili yake ni bara la Amerika, ikasambazwa na meli za biashara baada ya safari za Columbus. Maandishi ya Kichina ya mwanzo yanayoitaja ni ya mwaka 1591, katika kitabu cha Gao Lian wa Hangzhou, naye aliiweka pamoja na mimea ya kupamba bustani. Miaka mingi ilipita kabla haijaingia chunguni. Sichuan, jimbo ambalo leo hulitaji bila kuitaja pilipili, lilianza kuila kwa wingi katika karne ya 19 tu. Kabla ya hapo, ukali wa vyakula vyao ulitoka kwenye tangawizi na huajiao, vipunje vidogo vya rangi ya damu ya mzee ambavyo nitavirudia hapo mbele kwa sababu vina jamaa yao kwenye vichaka vyetu.

Tofu ninayoizungumzia huitwa jiachang doufu, tofu ya nyumbani. Dada yake mwenye jina kubwa ni mapo doufu, aliyezaliwa mwaka 1862 kwenye mgahawa mdogo wa mama wa ukoo wa Chen karibu na daraja la Wanfu, Chengdu. Inasimuliwa kwamba wateja wake walikuwa wapagazi waliobeba mafuta ya kupikia, nao walimwachia mama huyo sehemu ya mzigo awapikie tofu na nyama kidogo. Ukiitazama mapo doufu ilivyoelea kwenye mafuta mekundu, kisa hicho ni rahisi kukiamini. Mapo ilipata mjumbe hodari: Chen Kenmin, mpishi mzaliwa wa Sichuan, aliingia Japani mwaka 1952, akafungua mgahawa Tokyo mwaka 1958, na kwa mkono wake Wajapani wakaifanya mapo chakula chao cha nyumbani. Jiachang doufu haikubahatika hivyo. Ilibaki jikoni kwa watu, na mimi naona hapo ndipo ubora wake ulipohifadhiwa.

Tofauti yao si ndogo. Mapo hutumia tofu laini inayotetemeka, nayo haivumilii kugeuzwageuzwa. Jiachang hutaka tofu ngumu, ikatwe pembetatu nene, ikaangwe hadi ipate ngozi ya rangi ya dhahabu, kisha ichemshwe kidogo ndani ya mchuzi wa pilipili mpaka ngozi ile inywe mchuzi. Mboga huingia humo bila shida. Kwa mtu anayepika nyumbani jioni, hii ndiyo ya kujifunza kwanza.

Mara nyingi kule Sichuan huongezewa vipande vyembamba vya nguruwe. Jambo hili lafaa kusisitizwa, kwa sababu huku kwetu tofu imeingia mjini ikitangazwa kuwa nyama ya wasiokula nyama, na watu wameipima kwa nyama na kuiona imepungukiwa. Wachina hawaipimi hivyo. Huipika na nyama, na samaki, na mayai, au peke yake, kwa kuwa wanaipenda ilivyo. Toleo lisilo na nyama nalo lina mizizi yake: watawa wa Kibudha wamepika tofu kwa karne nyingi, na monasteri ya Wenshu, katikati ya Chengdu, ina mgahawa wake wa vyakula visivyo na nyama. Kwa hiyo ukiiacha nyama hujaharibu asili ya kitu. Mvinyo wa mchele unaotajwa katika mapishi mengi pia unaachika bila hasara, na Mwislamu anaweza kukipika chakula hiki bila wasiwasi akishahakiki viambato vilivyoandikwa kwenye chupa ya soya sosi.

Kisichoachika ni doubanjiang.

Hili ni rojo zito la pilipili nyekundu na ful, yale maharage mapana ambayo Wamisri huyala asubuhi. Linalosifika kuliko yote hutoka Pixian, ambayo siku hizi ni wilaya ya Pidu ndani ya Chengdu. Ful humenywa, hupakwa unga wa ngano na kuachwa zishike ukungu mwema, kisha huzamishwa kwenye maji ya chumvi ili zichachuke. Kando yake pilipili aina ya erjingtiao, ndefu, nyembamba, nyekundu sana na ya ukali wa wastani, hukatwakatwa na kutiwa chumvi. Viwili hivyo huchanganywa na kuwekwa kwenye mitungi ya udongo iliyopangwa uani. Jua likiwaka mitungi hufunuliwa na rojo hukorogwa. Usiku huachwa wazi lipate umande. Mvua ikitishia, vifuniko hurudishwa mbio. Mwaka mmoja wa kazi hiyo hutoa rojo zuri. Miaka mitatu hutoa rojo jeusi-jekundu lenye harufu inayokaribia harufu ya nyama iliyochomwa, ijapokuwa hamna nyama.

Maduka ya Wachina yaliyoko Dar es Salaam na Nairobi huliuza, kwenye vifuko au chupa. Tafuta neno Pixian kwenye kibandiko. Chagua lile lenye rangi ya kahawia-nyekundu, vipande vya ful vikionekana. Jekundu la kung'aa mno ni changa. Ukishalifungua, chota kwa kijiko kikavu na uliweke kwenye friji, litakaa miezi mingi kwa sababu ya chumvi yake. Kwa sababu hiyo hiyo usiongeze chumvi kwenye chakula kabla ya kuonja mwishoni.

Je, mtu wa Songea au Kigoma ambaye hana duka hilo karibu afanye nini? Achukue pilipili ndefu nyekundu zilizoiva, kilo moja, azioshe, azianike kivulini mpaka zisiwe na tone la maji, azikatekate na kuzichanganya na chumvi gramu 100. Aongeze punje kadhaa za kitunguu saumu, ashindilie kwenye chupa safi, afunike na kuacha wiki mbili au tatu, akifungua kifuniko mara moja kila siku siku za mwanzo ili hewa itoke. Watu wa Hunan, jimbo lililo mashariki zaidi, wana pilipili yao ya namna hii wanayoipenda sana. Haitakuwa doubanjiang, kwani haina ful wala mwaka wa jua, lakini ina uchachu na kina ambacho pilipili mbichi haina. Pilipili kichaa isitumike hapa. Itachoma kabla haijatoa rangi, na rangi tunaihitaji.

Sasa tofu yenyewe. Wachina humtaja Liu An, mwanamfalme wa Huainan aliyekufa mwaka 122 kabla ya Kristo, kuwa ndiye aliyeibuni, lakini hiyo ni hadithi iliyokuja baadaye. Maandishi ya kwanza yanayoitaja ni ya karne ya 10, ya Tao Gu. Kinachojulikana vizuri ni namna inavyofanyika, na mpishi wa Kiswahili ataielewa bila maelezo mengi, kwa maana nusu ya kwanza ni kazi ya kukamua tui la nazi. Loweka gramu 300 za soya usiku kucha. Asubuhi saga na maji lita mbili, chuja kwa kitambaa cheupe, kamua kwa nguvu. Machicha yanayobaki yana lishe, yatie kwenye kachori au uji. Tui lile lipeleke motoni kwenye sufuria kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kwani povu litapanda ghafla kabla halijachemka kwelikweli, na wengi hapo huzima moto wakidhani kazi imekwisha. Punguza moto, acha povu lishuke, chemsha dakika 10 zaidi. Soya mbichi ina viambato vinavyozuia tumbo kusaga protini, na ni moto unaoviharibu.

Epua, ngoja kidogo mvuke upungue, kisha mimina taratibu vijiko vinne vya chakula vya maji ya ndimu au siki vilivyozimuliwa kwa kikombe cha maji, ukikoroga mara mbili tatu tu. Acha. Baada ya robo saa tui litakuwa limegawanyika: mabonge meupe na maji ya manjano. Chota mabonge, yafunge kitambaani, weka kitu kizito juu kwa saa moja. Hiyo ni tofu. Ya ndimu ina uchachu kidogo na huvunjika kwa urahisi. Wachina hutumia jasi ya chakula wakitaka laini, na kwa ngumu hutumia maji machungu yanayobaki baada ya chumvi kuvunwa. Sichuan haina bahari, lakini chini ya ardhi yake kuna maji chumvi. Huko Zigong kisima cha Shenhai kilifikia kina cha zaidi ya mita 1,000 mwaka 1835, kwa kuchimbwa kwa vyuma vilivyoning'inizwa kwenye kamba za mianzi. Chumvi ile ikawa utajiri wa jimbo, na maji yake machungu yakagandisha tofu.

Naisihi kila nyumba yenye nafasi ijaribu angalau mara moja. Ruvuma, Njombe, Iringa, Mbeya na Morogoro wanalima soya, na mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Nyingi ya soya tunayoila sisi wenyewe huishia kwenye unga wa uji wa lishe. Uji ni mzuri, lakini inasikitisha kwamba zao hili linavuka bahari kwenda kufanywa chakula kitamu ambacho tungeweza kukifanya hapa jikoni. Asiye na muda anunue tofu ngumu ya dukani, kipande cha gramu 400 au 450 kwa watu wanne.

Turudi kwenye maji. Tofu, hata iitwayo ngumu, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukiitupa kwenye mafuta ya moto ilivyo, maji yale hutoka na kurusha mafuta usoni kwako, moto wa karai hushuka, na tofu huchemka badala ya kukaangika. Dawa yake inashangaza mtu akiisikia mara ya kwanza: iloweke kwenye maji mengine. Kata pembetatu zenye unene wa sentimita moja na nusu, mimina juu yake maji yanayochemka yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu lita, acha dakika 15. Maji ya moto yenye chumvi huikaza tofu na kulazimisha maji ya ndani yatoke, na harufu ya soya mbichi huondoka nayo. Ipange kwenye kitambaa kikavu, funika kwa kingine, bonyeza kwa kiganja. Ukiigusa isikulowanishe kidole.

Tia vijiko vitano vya mafuta kwenye karai. Sichuan hutumia mafuta ya mbegu za rapa yenye rangi ya kaharabu. Ya alizeti yanatosha kabisa. Yakipata moto wa kutosha, panga tofu bila kubananisha na uiache. Hapa subira ni lazima. Tofu hung'ang'ania karai mwanzoni, na anayeichokonoa huichana ngozi. Ikishaiva upande ule hujiachia yenyewe. Dakika tatu hadi nne kila upande, iwe rangi ya dhahabu, kingo zimekakamaa kidogo. Itoe uweke kando. Mafuta yamimine bakulini uyahifadhi.

Kuhusu karai, lile la kukaangia maandazi linafaa, alimradi si jembamba mno. Chuma ni bora. Lisilonatisha lisipashwe moto mkali likiwa tupu. Wapishi wa mikahawa ya China wana majiko ya gesi yenye nguvu isiyolinganishwa na ya nyumbani, ndiyo maana mboga zao hubaki na mng'aro. Sisi tunafidia kwa kupika kidogo kidogo. Mwenye jiko la mkaa ana bahati kuliko mwenye gesi, kwa maana makaa yaliyokolea hulikumbatia karai tumboni na kutoa moto mkali usio na mwisho wa ghafla. Tatizo lake ni kuupunguza, na hilo utalimaliza kwa kuliinua karai.

Mboga zichaguliwe kwa tabia zao za maji. Kule hutumia majani mateke ya kitunguu saumu, uyoga mweusi na machipukizi ya mianzi. Kwetu sokoni nachagua karoti, hoho nyekundu, uyoga, na chainizi. Chainizi ni nzuri mno hapa, na nashangaa kwamba tunaichemsha na kuiunga kwa nyanya tu ilhali jina lake limebeba nusu ya jibu. Ioshe mapema, ikung'ute, ianike kwenye ungo. Tenganisha mashina na majani: mashina yakatwe mshazari, majani yaachwe mapana. Karoti vipande vyembamba vya mshazari. Uyoga uchanwe kwa mikono, usiloweshwe. Vyote hivi vifike karaini vikiwa vikavu, kila kimoja kwenye bakuli lake, kwa sababu moto ukishawaka hutapata muda wa kutafuta kisu.

Andaa pia vijiko viwili vya chakula vya doubanjiang, vipande vya ful vilivyo vikubwa ukivikatakata. Punje nne za kitunguu saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimekatwa vidogo. Majani ya kitunguu, sehemu nyeupe mbali na kijani. Soya sosi kijiko kimoja cha chai. Sukari nusu kijiko cha chai. Maji ya moto robo lita kasoro. Na wanga wa viazi au wa mahindi kijiko kimoja na nusu cha chai uliokorogwa na vijiko viwili vya maji baridi. Ukiwa na douchi, soya nyeusi zilizovundikwa kwa chumvi, weka kijiko kimoja. Douchi ni za kale kuliko pilipili yoyote ya China: zilikutwa kwenye kaburi la Mawangdui, Changsha, lililofungwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita.

Kwanza karoti na uyoga peke yake, moto mkali, mafuta kijiko kimoja, dakika mbili, toa. Mashina ya chainizi na hoho, dakika moja, toa. Havijaiva, ndivyo inavyotakiwa.

Kisha rudisha mafuta yaliyokaangia tofu, yawe vijiko vitatu hivi, na upunguze moto. Sasa ndiyo dakika ninayoingoja kila nikipika. Yapime mafuta kwa kudondosha tone la doubanjiang: litoe vipovu vidogo vya utulivu. Likilia kwa kishindo na kugeuka kahawia mara moja, mafuta yamezidi moto; epua karai usubiri. Tia rojo lote na ulitandaze kwa mwiko. Mwanzo litakuwa bonge zito, na mafuta yatalizunguka yakiwa bado ya manjano. Geuza taratibu. Vipovu vya mwanzo ni maji ya rojo yanayotoka. Baada ya nusu dakika vipovu hupungua, sauti hubadilika kutoka mchemko kwenda mkaango, na kwenye ukingo wa rojo utaona mstari wa rangi ya chungwa. Mstari hupanuka. Chembe za pilipili huanza kuachana, kila moja ikielea peke yake, na mafuta yote hugeuka mekundu, mekundu safi ya kuonekana hadi chini ya karai. Harufu nayo huhama: ile ya chumvi na chachu iliyokuwa inachoma pua inatulia, inakuja nyingine nzito na tamu. Kazi hiyo huchukua dakika moja na nusu, mbili kwa jiko la upole. Fungua madirisha kabla hujaanza, watoto wakae mbali, kwani mvuke wa pilipili hukohoza nyumba nzima.

Kilichotokea hapo ni kwamba ukali na rangi ya pilipili vimehama kutoka kwenye maganda na kuingia kwenye mafuta. Kuanzia sasa popote mafuta yatakapogusa, ladha itafika. Ukiongeza maji mapema, uhamaji huo hukatika, na hakuna cha kuurudisha. Usiharakishe hapa hata kama wageni wameshakaa.

Tia douchi, saumu, tangawizi na weupe wa kitunguu, geuza nusu dakika. Mimina maji ya moto, soya sosi na sukari. Rudisha tofu, itandazwe ilale kwenye mchuzi, funika, moto wa wastani kwa dakika nne au tano. Ngozi ile kavu uliyoitengeneza sasa inakunywa mchuzi mwekundu. Ukibana kipande kwa mwiko kitatoa matone. Ongeza moto, rudisha mboga zote, tupia majani ya chainizi, geuza dakika moja. Koroga wanga uliotuama, mimina kwa mafungu mawili. Mchuzi utakuwa mzito na kung'aa, ukishikamana na kila kipande badala ya kutuama chini. Majani ya kijani ya kitunguu juu, epua.

Huajiao huingia mwisho, vipunje nusu kijiko cha chai vilivyokaangwa vikavu na kutwangwa. Wapo wanaosema jiachang haihitaji, na wana haki, kwani si sehemu yake ya lazima. Mimi naitia. Huajiao haichomi, hutia ganzi yenye kutetemeka midomoni. Mwaka 2013 watafiti wa University College London waliwapaka watu huajiao mdomoni na kuwaomba wailinganishe hisia ile na mtetemo wa kifaa kwenye kidole, wakakuta inalingana na mitetemo takriban 50 kwa sekunde. Mmea wake ni wa ukoo mmoja na michungwa na mindimu, ndiyo sababu una harufu ya ganda la chungwa. Na ule mjafari wetu, mti wa miiba yenye vitako vinene shinani, ambao magome yake waganga huyatumia na Kenya kuna wanaochemsha majani yake kwa chai, ni wa jenasi ileile, Zanthoxylum. Sikushauri uubandue mti ukatie kwenye chakula, kwa sababu jamaa hawa hawafanani kwa kila kitu. Lakini nafurahi kujua kwamba kiungo kilichoonekana cha mbali sana kina ndugu aliyesimama kimya kwenye nyika za Ukambani na Tanzania.

Kila kitu kiliwe na wali mweupe, usiotiwa nazi wala chumvi. Wali wa nazi ni mtamu, ila mafuta yake hugombana na haya mekundu. Ugali pia unakubali, hasa wa dona, na mchuzi wake unachovyeka vizuri.

Atakayezidiwa na ukali asikimbilie glasi ya maji. Pilipili huamsha kipokezi cha neva kilekile kinachoamshwa na joto la zaidi ya nyuzi 43, ugunduzi uliomsaidia David Julius kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na maji hayaondoi kitu kisichoyeyuka ndani yake. Maziwa au mtindi husaidia. Kwa watoto, pika kwa nusu kijiko cha doubanjiang na uongeze soya sosi kidogo. Tofu itapata rangi na harufu, na ulimi hautalia.

Mchuzi ukibaki, usimwage. Mafuta mekundu yatajitenga juu ukiuweka kwenye friji. Yachote asubuhi, yapashe, kaangia mayai mawili humo na mabaki ya chainizi, ule na chapati.